Unaogopa nini?



Wiki hii naomba tuingie pamoja darasani. Si darasa la watoto. Ni lile la watu wazima wenye kazi zao, yaani maofisa uhamiaji, mawakili, watumishi wa mashirika ya misaada na wakubwa wa wizara, ambao hukusanyika kwa wiki mbili au tatu kusoma habari za watu wanaohama na wanaozikimbia nchi zao. Vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani huendesha kozi hizo Juni na Julai, wakati wanafunzi wao wa kawaida wako likizo na mabweni ni matupu. Wao huziita kozi za majira ya joto. Kwetu miezi hiyo ni kipupwe na watu wa Makete wanaota moto, lakini tumelipokea jina kama lilivyo.

Kozi iliyojulikana kuliko zote ilikuwa ya Oxford, Uingereza. Kitengo kilichoianzisha kilifunguliwa mwaka 1982 na mama mmoja wa Kimarekani, Barbara Harrell-Bond, aliyefariki mwaka 2018. Mama huyu hakuwa mtu wa maneno laini. Mwaka 1986 alitoa kitabu kuhusu wakimbizi wa Uganda waliokuwa kusini mwa Sudan, na ndani yake akayashutumu mashirika ya misaada kwa kuwageuza watu wazima kuwa kama watoto wa kulishwa, wasioulizwa lolote. Baadaye alifanya kazi Kampala, kisha Cairo. Nawatajia habari zake ili mjue kwamba kozi hizi hazikuzaliwa kwa ajili ya kugawa vyeti. Zilizaliwa kutokana na ugomvi juu ya namna ya kumtazama mtu aliyekimbia.

Sasa niwaeleze lililonileta. Nina mpwa wangu, ni ofisa uhamiaji katika kituo kimoja cha mpaka wa magharibi ambacho sitakitaja. Miaka michache iliyopita alipata nafasi katika kozi ya namna hiyo huko Ulaya. Mfadhili alilipa ada na malazi, kwa kuwa fedha hizo mshahara wa mtumishi wetu hauzifikii hata akifunga mkanda mwaka mzima. Likabaki suala la viza. Akatakiwa barua ya mwajiri. Akaipeleka. Akatakiwa taarifa ya benki ya miezi sita, nayo akaipeleka, ingawa aliona haya kuionyesha. Halafu akatakiwa athibitishe kwamba atarudi: ana mke? Ana watoto? Ana nyumba, na hati ya nyumba iko wapi? Viza ilitoka kozi ikiwa imekwisha kuanza siku nne. Kumbukeni kwamba alikuwa anakwenda kusoma jinsi mataifa yanavyowachuja watu mipakani! "Mjomba," aliniambia, "somo la kwanza nimelipata kabla sijapanda ndege."

Nilicheka. Yeye hakucheka sana.

Aliporudi alikuja kunisalimu, akiwa na jalada nene la karatasi za masomo. Nikamuuliza, katika karatasi zote hizi, kipi kimekuingia? Akanyamaza kidogo, kisha akanieleza habari ya siku moja tu.

Siku hiyo walisoma Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1951 unaoeleza mkimbizi ni nani. Maana yake yote imetundikwa kwenye neno moja, hofu. Mkimbizi ni mtu aliye nje ya nchi yake kwa sababu ya hofu yenye msingi ya kuteswa kwa ajili ya rangi, dini, utaifa, kundi lake katika jamii au mawazo yake ya siasa. Mwalimu akawataka kila mmoja aseme swali analomwuliza mwombaji hifadhi kwa lugha ya kazini kwake. Ilipofika zamu ya mpwa wangu akasema, sisi tunamwuliza: "Unaogopa nini kwenu?"

Hapo ndipo alipomkumbuka mzee mmoja.

Mzee huyo alikuwa amevuka usiku, mguu mmoja umevimba, na pamoja naye wajukuu wawili. Mpwa wangu akamwuliza swali lile lile. Mzee akajinyoosha kwenye benchi, akajibu: "Mimi siogopi mtu." Basi ofisa akaandika kama alivyosikia, kwamba mhusika ameeleza hana hofu yoyote. Uamuzi wa mwisho haukuwa wake, lakini taarifa yake ndiyo iliyotangulia. Kesho yake mzee na wajukuu wakarudishwa walikotoka.

Wasikilizaji wangu, ni mwanamume gani wa huku kwetu, mwenye mvi, mbele ya kijana aliyevaa sare, atakayesema naogopa? Amelelewa akiambiwa kwamba hofu ni ya kuficha. Neno lililokaa vizuri katika Kiingereza cha Geneva, likivuka kuja kwenye Kiswahili cha mpakani na Kirundi cha mzee yule, linageuka kuwa matusi. Na jibu la heshima likawa ndilo lililomtia hatiani.

Lakini lililomchoma zaidi mpwa wangu ni la saa iliyofuata. Mwalimu, Mzungu, akafungua Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliotiwa saini Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969. Huu umepanua maana ile. Unamkubali pia mtu aliyelazimika kuhama kwa sababu ya uvamizi, kukaliwa na wageni, au matukio yaliyovuruga vibaya usalama wa umma mahali alipokuwa. Hapo si lazima mzee akiri hofu yake. Yatosha kuuliza kijijini kwake kumetokea nini. Sheria yetu ya wakimbizi ya mwaka 1998 imezichukua maana zote mbili. Mpwa wangu alikuwa na sheria hiyo kabatini. Alikwenda kuisoma Ulaya.

Mimi siwalaumu wanaokwenda. Nawalaumu wanaofikiri kwamba elimu hii ni mali ya huko. Sehemu kubwa ya kinachosomwa kwenye kozi hizo kimechimbwa kwetu. Mtaalamu wa Kifini, Liisa Malkki, alikaa miaka ya 1980 na Warundi wa Mishamo, ambako sasa ni Mkoa wa Katavi, na wale wa Kigoma mjini. Katika kitabu chake cha mwaka 1995 alionyesha jinsi wa kambini walivyoshikilia kuwa ni taifa lililo uhamishoni, na wa mjini walivyojichanganya na wenyeji hata wasitake kuitwa wakimbizi. Leo kitabu hicho kinasomeshwa duniani. Je, wazee wa Mishamo wameitwa mara ngapi kuwafundisha maofisa wetu? Na wenyeji wa Ngara, walioona watu wapatao 250,000 wakivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi mwishoni mwa Aprili 1994, kisha Desemba 1996 wakaona jeshi likiwarudisha? Wanajua mambo ambayo hayamo kwenye jalada la mpwa wangu.

Si kwamba hatuna pa kufundishia. Moshi kipo chuo cha uhamiaji, na tangu mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Uhamiaji limekuwa na kituo chake hapo cha kuwafunza maofisa wa nchi za Afrika. Ninachotaka ni kuona somo la mahojiano likifanywa kwa Kiswahili, mkalimani wa Kirundi akiwa amekaa pale, na mzee aliyewahi kuvuka mto usiku akimsahihisha ofisa papo hapo: hivyo sivyo anavyoulizwa mtu mzima. Somo hilo halihitaji viza wala taarifa ya benki.

Mpwa wangu amebadilisha swali lake. Siku hizi anaanza kwa kumpa mtu maji, kisha anauliza: "Siku ile ulipoondoka, asubuhi yake kulikuwaje?" Anasema watu huzungumza mpaka karatasi zinakwisha, na mkuu wake analalamika kwamba foleni imekuwa ndefu.

Nilimwuliza kama aliwahi kumtafuta yule mzee. Alikwenda kulifungua daftari la mwaka ule. Jina lipo, na idadi ya watoto ipo. Mahali pa kuandika kijiji alichotoka hapakujazwa.