Maji Hujaa Mara Ngapi kwa Siku?

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja, karani, katika mkutano wa jioni wa Chama, Tanga)



Mwandishi wetu aliniomba niseme juu ya elimu ya watoto, nami namwambia waziwazi kwamba kama alitaka mambo makubwa ya elimu, angalimwendea mtu mwingine. Mimi ni karani. Kazi yangu ni kuandika barua za watu na kuweka majalada mahali pake. Basi nitasema jambo dogo nililoliona kwa macho, nalo ni habari ya darasa la 4 la shule moja ya hapa pwani, na somo lao la bahari. Ndani yake mna kosa langu mimi mwenyewe. Sitalificha, maana wako humu wawili watatu waliokwisha kuisikia habari hii mitaani kwa namna isiyo sawa.

Wengi wenu mwajua ya kuwa mimi ni mtu wa bara. Nalizaliwa mbali na maji makubwa, nikasoma shule ya misheni mlimani, na bahari nalijifunza katika ramani iliyotundikwa ukutani. Hata nilipohamishiwa Tanga, nalipoiona bahari yenyewe nalidhani naijua, kwa sababu naliweza kutaja bahari zote za dunia kwa majina yake. Naona baadhi yenu mwacheka. Nadhani sikuwa peke yangu.

Mwanangu wa kiume yu katika darasa hilo. Jioni moja alirudi na karatasi ya jaribio, amepata alama 18 katika 20, akatuhadithia kwa kicheko habari ya binti mmoja mwenzake. Swali liliuliza: Maji ya bahari hujaa mara ngapi kwa siku? Jibu la kitabu ni mara mbili. Binti yule, ambaye hulelewa na bibi yake mchokoa pweza, aliandika: Mara mbili, lakini siku nyingine mara moja tu. Mwalimu akakata jibu kwa wino mwekundu, akalisoma mbele ya darasa zima ili wengine wasikosee vile, na darasa likacheka. Nami mezani pangu nikacheka, nikamsifu mwanangu kwa kusoma kitabu chake vema.

Mwalimu yule si mtu mbaya. Ni kijana mwenye bidii, ana watoto 41 na vitabu vichache, naye pia ametoka bara. Kwa bidii yake hiyo aliona kwamba haifai watoto wanaosikia mawimbi usiku wafundishwe bahari kwa chaki tu, akapanga kuwapeleka mwambani siku ya bamvua, akaomba wazee wachache wafuatane nao. Nalijitolea. Mtu wa bandari alinipa jedwali la maji kujaa na kupwa la mwezi ule, nami nikaliweka mfukoni pamoja na saa yangu na daftari jipya, nikajiona kwamba mimi ndiye niliyejiandaa kuliko wote.

Yule bibi mchokoa pweza na wanawake wenzake wawili walikubali kutuongoza. Tulipita mikokoni kwanza. Watoto walionyeshwa mchu unavyotoa mizizi juu ya tope mfano wa penseli zilizosimamishwa, ili mti upumue maji yanapokupwa, na mkoko ambao mbegu yake huanza kuota ingali juu ya mti, kisha huanguka kama mkuki na kujichoma topeni. Halafu tukavuka mlango wa maji, yaani ile njia ya chini iliyo baina ya pwani na mwamba. Maji yalifika magotini mwa watoto, nao wakarushiana wakifurahi. Tulipofika juu ya mwamba ilikuwa saa 4 asubuhi, na jedwali langu lilisema maji yatakwisha kupwa saa 4 na dakika 20.

Mabwana, natamani kila mmoja wenu angaliona mambo tuliyoyaona huko. Mwalimu alishika kipande cha tumbawe akauliza, Hili ni nini? Wote wakajibu, Jiwe. Nami moyoni nalijibu vivyo hivyo, ingawa kuta za nyumba nyingi za kale za pwani hii zimejengwa kwa hilo, na chokaa yake imechomwa kutokana na hilo. Akawaeleza ya kuwa tumbawe ni wanyama wadogo wasiohesabika walioungana pamoja, kila mmoja akijijengea kijumba cha chokaa, na ndani ya miili yao mnakaa mwani mdogo mno usioonekana kwa macho, ambao huwapa chakula na rangi. Maji yakizidi joto, mwani ule huwatoka, nao hubaki weupe. Hali hiyo ikidumu, hufa. Ndivyo ilivyotokea mwaka 1998, bahari yetu hii ilipopata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya Afrika ya Mashariki na visiwa vyake yakafa katika msimu mmoja.

Bibi aliposikia hayo alituchukua mahali pengine, hatua kama 60 hivi, palipokuwa pamelala vipande vitupu kama kifusi cha nyumba iliyobomoka. Akasema, “Hapa si joto. Hapa ni baruti.” Wote mwajua habari hiyo, miaka mingi mlio wa baruti ulisikika pwani hii asubuhi kama mlio wa kawaida, wala Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 haikuuzima peke yake, hata ilipofanywa operesheni ya pamoja ya vyombo vya serikali tangu karibu mwaka 2016 ndipo ukapungua sana. Lakini sikuwa najua kwa nini mahali palipopigwa hapaponi upesi. Bibi alivisukuma vile vipande kwa mguu, vikabingirika. Akasema, “Kila wimbi huvigeuza. Nani atajenga nyumba juu ya kitu kinachogeuka?” Mwalimu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ndivyo wataalamu nao wasemavyo: tumbawe changa haliwezi kushika penye kifusi kinachotembea.

Baada ya hapo watoto walitawanyika kwa shangwe. Walipata kiti cha pweza, mnyama mwenye ncha tano, na mtoto mmoja akataka sana kujua kama pweza hukikalia kweli. Walipata majongoo ya bahari, ambayo sisi hatuli, bali hukaushwa na kupelekwa Uchina kwa bei kubwa. Binti yule wa jaribio ndiye aliyetuonyesha pango la pweza mwenyewe. Sisi tulikuwa tumelipita mara mbili. Yeye aliona kifungu cha maganda ya kaa na simbi mlangoni, akasimama, akaelekeza kidole pasipo kusema neno. Nalishangaa kidogo kwamba mtoto ajuaye namna hii hasemi, lakini sikulifikiri zaidi. Mwalimu akaeleza kwamba pweza ana mioyo mitatu na damu ya samawati, na kwamba pweza jike hulinda mayai yake bila kula, na yakiisha kuanguliwa hufa. Watoto wakanyamaza. Mmoja akamwuliza bibi kama alijua hayo. Bibi akajibu, “Nikimwona amekonda, amekaa juu ya mayai, mimi simtoi.”

Sasa nafika kwenye kosa langu. Nalikuwa naandika orodha ya viumbe vyote tulivyoviona, kwa nambari, kama ilivyo desturi yetu, nami nalifika 23. Nikataka nifike 30. Ilikuwa yapata saa 5 kasoro robo. Binti yule alinijia akasema kwa sauti ndogo sana, “Baba, maji yamegeuka.” Nalitazama mbele, nikaona mawimbi yanapiga mbali kule ukingoni kama kwanza. Nikatazama jedwali. Nikamjibu, “Mwanangu, maji huchukua saa 6 kujaa. Tungali na wakati.” Akarudi nyuma, hakusema tena. Mwalimu aliponiuliza, nalimpa jibu lile lile kwa maneno ya kitaalamu zaidi. Bibi alikuwa mbali upande wa kusini na kundi la wasichana.

Ilipokuwa saa 6 kasoro robo, bibi alikuja mbio huku akipiga kelele. Wenyeji wa pwani humu mwajua ni kwa nini. Sisi wa bara yafaa tuambiwe. Maji hayakujii kwa mbele unakotazama. Mwamba huinuka upande wa bahari, na ule mlango wa maji nyuma yako uko chini. Basi bahari huzunguka ikajaa nyuma yako kwanza, nawe ungali umesimama pakavu, wahesabu konokono. Tulipofika mlangoni, maji yaliyokuwa magotini asubuhi yaliwafikia watoto vifuani, nayo yalikuwa yakivuta. Wale wanawake watatu walifunga kanga zao pamoja zikawa kamba, mmoja akavuka nayo, na sisi wakubwa tukasimama katikati tukiwapokezana wadogo mkono kwa mkono. Walivuka wote 41. Mwalimu aliwahesabu mara tatu, na mara ya tatu sauti yake haikuwa sawa. Hasara ilikuwa viatu vya watoto wawili na daftari langu, ambalo wino wake ulitoka wote. Orodha yangu ya viumbe 23 haipo tena.

Tulipokuwa tumekaa mchangani nalimwita binti yule nikamwuliza alijuaje. Akasema majani ya bahari, ambayo maji yakipwa hulala yakielekea baharini, yalikuwa yamelala yakielekea pwani. Nikamwuliza kwa nini hakusema tena, kwa nguvu. Akainama, akajibu, “Nalisema mara moja, Baba. Siku ile nalisema nikachekwa.”

Sikupata usingizi mzuri usiku ule. Kesho yake, baada ya kazi, nalikwenda kwao, nikamwamkia bibi shikamoo, nikaomba nielezwe jibu lile la jaribio. Binti akasema, “Bibi asema maji ni mgeni anayechelewa. Kila siku huchelewa kidogo, hata siku moja huchelewa akaangukia kesho.” Nikatoa jedwali, nikakaa nalo. Na ni kweli, mabwana. Maji hufuata mwezi, hayafuati jua; toka kujaa hata kujaa ni saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo kila siku huchelewa karibu dakika 50. Siku maji yanapojaa saa 6 kasoro dakika 10 mchana, kule kujaa kulikotangulia kulikuwa saa 5 na dakika 25 usiku, kabla ya tarehe kugeuka, na kule kunakofuata ni saa 6 na dakika 15 usiku, tarehe imekwisha kugeuka. Tarehe ile ina kujaa kumoja tu. Bibi huhesabu siku kuanzia magharibi kama wazee wa pwani, naye hupata siku ya namna hiyo vilevile, ingawa siyo ile ya kalenda yetu. Nalihesabu mwezi mzima wa siku 30. Kitabu kingesema mara 60. Nalipata 58. Nikahesabu tena, maana hiyo ndiyo kazi yangu, nikapata 58.

Bibi aliyafuata hayo yote kimya. Mwishowe aliuliza neno moja tu: “Basi mjukuu wangu hakusema uwongo?”

Naliupeleka ukurasa ule kwa mwalimu. Nasema kwa heshima yake kwamba hakubishana. Alihesabu mwenyewe mbele yangu, akanyamaza, halafu akaniuliza afanyeje, kwa kuwa nafasi za darasa zilikwisha kusomwa na kuandikwa. Nalimwambia tunavyofanya sisi ofisini: kosa la daftari halifutwi kwa raba, hupigwa mstari mmoja, sahihi ikaandikwa juu yake, na aliyekosea akatia herufi za jina lake. Akafanya hivyo. Jumatatu alilisoma jibu lile tena mbele ya darasa, akamwita binti ubaoni aeleze. Mwanangu aniambia kwamba alieleza kwa sauti ndogo, na mwalimu akamwambia arudie, akarudia. Lakini alifundisha pia kwamba katika mtihani utokao juu waandike “mara mbili”, na kwa jambo hilo siwezi kumlaumu.

Bwana Mwenyekiti, naomba Chama kinipe ruhusa mbili. Ya kwanza, tutumie mashine yetu ya kunakili kutoa jedwali la maji la kila mwezi kwa shule zote za mjini. Karatasi nitanunua mimi kwa miezi mitatu ya mwanzo. Ya pili, wanachama walio na nafasi Jumamosi wafuatane na madarasa, na kila safari aalikwe mtu wa pwani, mvuvi au mchokoa pweza, naye apewe nauli na chai kama apewavyo mgeni yeyote wa shule. Darasa la 5 litakwenda bamvua ijayo. Maji yatakwisha kupwa saa 4 na dakika 10 asubuhi, na yule bibi amekubali kuongoza. Walio tayari wampe Mwandishi majina yao kabla ya Ijumaa, waje na viatu vikuukuu vyenye soli nene. Saa ya kuondoka mwambani ataitaja bibi, wala si mimi.