Mbio Saba za Durban

Mwezi wa Machi mwaka 2003, katika uwanja wa Kingsmead mjini Durban, mbele ya Waaustralia waliokuwa mabingwa wa dunia wa kriketi, alisimama mzaliwa wa Mombasa mwenye umri wa miaka 39, ambaye, baada ya kuwa nahodha wa Kenya katika Kombe la Dunia la 1999, alikwisha kuuaga mchezo huo, kisha taifa lake likamwita tena, naye akaitika. Jina lake Aasif Karim.

Kenya ilikuwa imepata mbio 174 tu, na Adam Gilchrist alikuwa ameanza kuipiga mipira kwa ghadhabu, hata ikadhaniwa kuwa kazi itakwisha upesi. Karim alipokabidhiwa mpira hakuja kwa kasi wala kwa mabavu: alipiga hatua chache, akainua mkono wa kushoto, vidole vikauzungusha ule mpira mweupe kwenye mshono wake, ukapaa kidogo juu ya macho ya mpigaji, ukatua mahali ambapo mpigaji hajui auendee au aungojee. Ricky Ponting, nahodha wao, akanaswa mguu mbele ya wiketi, akatoka. Akafuata Darren Lehmann. Kisha Brad Hogg akaurudisha mpira mikononi mwa yule yule aliyeutupa. Katika mipira 50 ya Karim, mabingwa wale waliambulia mbio 7. Saba, wasikilizaji! Ova 6, yaani mafungu ya mipira sita sita, hazikuzaa hata mbio moja. Australia ilishinda, lakini tuzo ya mchezaji bora wa siku ilikwenda kwake.

Ustadi ule ulikuwa na asili nyumbani. Baba yake, Yusuf Karim, alisifika Mombasa kwa kriketi na tenisi. Aasif mwenyewe aliiwakilisha Kenya katika tenisi ya Davis Cup. Na mwanawe, Irfan, naye akaja kuvaa jezi ya taifa ya kriketi.

Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka ule, kisha ikashuka daraja baada ya daraja, hata mwaka 2014 ikapoteza hadhi yake katika mechi za kimataifa za siku moja. Jambo hili hunihuzunisha kwa dhati, maana vijana wengi wa Pwani hawajapata hata kulisikia jina la Karim. Laiti kila mwalimu wa michezo angewaonyesha picha za siku ile, akazisimamisha pale kidole kinapouachia mpira, akawaacha watazame kimya.