Penda Duka Lako, Shika Laini Yako

(Muziki wa kufungua kipindi)

MTANGAZAJI: Wasikilizaji wetu wapendwa wa Kakuma na Kalobeyei, leo tunazungumza juu ya duka. Si maduka yote. Lile duka lako moja, ambalo ukimtuma mtoto huna haja ya kumwelekeza.

Jiulize: kwa nini unapita maduka matano ukienda kwa hilo moja? Sukari ni ileile. Unga ni uleule, umepanda lori kutoka Kitale, ukapita Lodwar, ukafika kwetu na vumbi lake. Lakini wewe unaendelea kutembea mpaka kwa mtu wako.

Kila mtu ana sababu zake. Mwingine anapenda duka kwa sababu ya lugha. Umefika hapa bila kujua mtu, unasikia muuzaji anakusalimu kwa Kiswahili cha kwenu, au Kirundi, au Kisomali, na moyo unatulia. Mwingine anafuata chakula cha nyumbani. Sisi Wakongo, mtu akileta dagaa wazuri na unga wa muhogo, habari inazunguka bloku nzima kabla ya jioni. Wengine wanakwenda mpaka soko la Waethiopia kule Kakuma 1 kwa sababu huko vitu ni vingi. Na kuna anayefuata mizani ya haki, au ile nyongeza ndogo ambayo kwetu tunaiita matabishi. Ukipimiwa maharagwe, halafu mkono unaongeza mengine kidogo juu, kesho utarudi.

Lakini sababu kubwa kuliko zote tunaijua, hata kama hatuitaji kwa sauti. Ni deni. Mwenye duka wako ndiye anayekupa unga tarehe 20 wakati pesa ya mgao haijaingia. Hakuulizi barua wala dhamana. Anafungua daftari, anaandika jina lako, watoto wanakula. Mtu wa namna hiyo utaachaje kumpenda?

(Muziki mfupi)

MTANGAZAJI: Sasa tuzungumze kama ndugu. Mnakumbuka Bamba Chakula ilipoanza hapa mwaka 2015. Sehemu ya chakula tulichokuwa tunapanga foleni kupokea ikaanza kuja kama pesa kwenye simu, kutoka Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP. Pesa ile hukuweza kuitoa mkononi. Ulinunulia chakula kwa wafanyabiashara waliosajiliwa. Watu wengi walifurahi, kwa sababu sasa waliweza kuchagua: leo mchele, kesho viazi, keshokutwa nyama kidogo.

Lakini pamoja na uhuru huo kukaingia tabia nyingine. Mtu akikopa, anaacha laini yake ya simu dukani, pamoja na namba ya siri. Pesa ikiingia, mwenye duka anaipokea yeye, anakata deni, na deni jipya linaanza siku hiyohiyo. Hapo hatuwezi tena kusema mtu anapenda duka. Hata akisikia kwamba jirani anauza mafuta kwa bei nafuu, hawezi kwenda. Laini yake iko kwingine.

Tupige hesabu kwa mfano tu. Tuseme pakiti ya unga ya kilo 2 kwa pesa taslimu ni shilingi 180, na kwa deni ni shilingi 200. Tofauti ni shilingi 20, utasema si kitu. Lakini kama nyumba yako inakula pakiti 10 kwa mwezi, umelipa shilingi 200 zaidi. Kwa mwaka ni shilingi 2,400. Hizo ni pakiti 13 za unga kwa bei ya taslimu, na chenji ya shilingi 60 inabaki. Pakiti 13 ambazo watoto wako hawakuzila.

Simsemi vibaya mwenye duka. Yeye pia ana mtu anayemdai. Anachukua mali kwa muuzaji wa jumla, mara nyingi kwa deni, na pesa ya mgao ikichelewa, rafu zake zinabaki tupu na simu ya huko kwa jumla inalia. Wengi wao ni wakimbizi kama sisi. Wengine ni ndugu zetu Waturkana. Mteja akikopa kwake halafu akahamia duka lingine bila kulipa, anamuumiza yeye pamoja na jirani atakayeomba deni kesho na kunyimwa. Kwa hiyo deni lilipwe. Tunachosema ni kwamba unaweza kulilipa huku laini ikiwa mfukoni mwako.

Sikilizeni mambo manne ya kufanya.

La kwanza, kuwa na daftari lako. Kila ukikopa, andika tarehe, kitu na bei. Kama hujui kusoma, mtoto anayesoma shule atakuandikia. Mwisho wa mwezi madaftari mawili yakutane.

La pili, uliza bei kabla ya kupimiwa. Uliza bei ya taslimu na bei ya deni. Mwenye duka mwema hatakasirika.

La tatu, namba ya siri ni ya nyumba yako. Kama laini yako iko dukani leo, usiende kugombana. Nenda kwa heshima, pamoja na mtu mzima mnayeaminiana, mhesabu deni lote, mpatane utalipa kiasi gani kila mwezi, kisha uombe laini yako. Akikataa, mwone kiongozi wa bloku au nenda kwenye dawati la malalamiko.

La nne, pesa ikiingia, jaribu kununua kitu kimoja tu kwa taslimu, hata kama ni chumvi na mafuta, na vingine uendelee na deni. Mwezi unaofuata, vitu viwili. Najua mgao umepungua, na kwa nyumba nyingine hata hicho kimoja ni kigumu. Anza na kile unachoweza.

Wapendwa, endeleeni kuyapenda maduka yenu. Kama muuzaji wako anapima kwa haki na anakuheshimu hata siku huna kitu, mwambie asante, na umpelekee wateja wengine. Jioni hii, mkikaa kula, waulizeni watu wa nyumbani: laini yetu iko wapi, na deni letu ni kiasi gani? Mjibizane kwa upole.

Mungu awalinde. Tukutane tena kipindi kijacho.

(Muziki wa kufunga)