Mabati ya Maduka ya Arua na Koboko



Arua, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji mwezi wa Julai 2020, na Koboko, iliyo kwenye njia ya kwenda Sudan Kusini, zimeongeza maduka mengi. Mapaa yake ni jambo jingine.

Upepo unaotangulia mvua hupenya chini ya paa na kuliinua. Bati moja likiachia misumari, mengine hufuata. Askari wa doria aliyejibanza barazani ndiye huyaona kwanza, yakiruka barabarani kama mapanga.

Kosa huanzia kwenye ununuzi. Mwenye jengo huchagua bati la geji 32 kwa kuwa bei yake ni rahisi kuliko ya geji 28. Wako wanaodhani kuwa namba kubwa ni bati nene, kumbe ni kinyume. Kisha hulipigilia juu ya mbao mbichi za mkaratusi, ambazo zikikauka husinyaa, na misumari ikalegea.

Paa liking'oka, bidhaa hubaki wazi, na polisi ndio huzilinda usiku kucha. Basi askari wa zamu asikiaye bati likigongagonga amjulishe mwenye duka kukipambazuka. Na upepo ukianza kuvuma, asijikinge chini ya paa hilo.