Mkono wa Bandia Huvutwa na Bega la Pili

(Mazungumzo yetu na wazazi na jamaa za waliopoteza mkono, Mokowe)

 

Katika kutembea kwetu visiwani tulimkuta mvuvi mmoja aliyekatwa mkono wa kulia chini ya kiwiko. Mkono wake wa bandia ulikuwa umetundikwa msumarini, umejaa vumbi. "Haufanyi kazi huo," akatuambia. Tukamwomba auvae. Akauvaa, akakaza misuli ya gutu, akangoja kulabu ifunguke. Wapi! Kule alikopewa, hakuna aliyemwambia kwamba mkono ule hauendeshwi na gutu. Huendeshwa na mabega, na nanga yake ni kwapa la mkono mzima.

Hebu tueleze. Nyinyi ni watu wa bahari. Nahodha hashiki tanga, anashika demani. Akiivuta huku, tanga linamtii kule. Mkono huu ni vivyo hivyo. Demani yake ni waya wa chuma unaopita ndani ya ala, kama waya wa breki ya baiskeli. Ncha moja imefungwa kwenye kulabu, ncha ya pili kwenye mkanda mgongoni. Mkanda una umbo la tarakimu 8. Kitanzi kimoja kinazunguka kwapa zima. Kutoka mgongoni, mkanda mmoja unapita juu ya bega la upande uliokatwa, unashuka mbele na kubeba uzito wa mkono wa bandia. Mwingine unashuka juu ya kombe la bega hadi kwenye waya.

Sasa peleka gutu mbele, kama mtu anayempa mwenzake kikombe. Waya unavutika, kulabu inafunguka. Ukilegeza, pete za mpira zinaifunga. Kulabu ya namna hii, ya vidole viwili vya chuma, ilipewa hataza mwaka 1912 na Mmarekani David Dorrance, ambaye mwenyewe alipoteza mkono. Kila pete ya mpira huongeza nguvu ya kubana kama nusu kilo. Vijana hupenda kuzizidisha (sifa hizo!), lakini kila pete unailipia kwapani, maana kufungua kunakuwa kuzito. Faida moja ni kwamba bega linahisi waya ulivyokaza, basi hata usipotazama unajua kulabu imefunguka kiasi gani.

Na ukitaka kufunga kifungo cha shati, je? Ukipeleka mkono mbele, kulabu inakimbia kifua. Hapo unakunja mabega yote mawili mbele, makombe yanaachana, waya unavutika na mkono unabaki pale pale. Jambo hili dogo ndilo linalowashinda wengi, na ndilo la kufanyia mazoezi kwanza.

Aliyekatwa juu ya kiwiko ana kazi zaidi. Waya ule ule mmoja unakunja kiwiko na unafungua kulabu. Kiwiko kikiwa huru, kuvuta kunakikunja. Kikifungwa kwa komeo, kuvuta kunafungua kulabu. Komeo lina kamba yake mbele ya bega: unashusha bega, unasukuma gutu nyuma na nje kidogo, unasikia "tak". Ukirudia, linafunguka. Si kazi ya siku moja, tusidanganyane.

Turudi kwa mvuvi wetu. Mkanda wake ulikuwa umelegea, na mahali pa kukutania palikuwa pamepanda hadi shingoni. Kufungua kulabu yote kunataka waya uvutike kama sentimeta 5, naye alikuwa anazipoteza zote katika ulegevu. Mahali pale panatakiwa pakae chini ya kisogo, pameelekea kidogo upande wa mkono mzima. Tukapashusha, tukakaza. Akapeleka gutu mbele, kulabu ikafunguka, akambana mwanawe kofia!

Kwapa lilimchubuka siku ya pili. Tulimwambia avae fulana ya pamba ndani, aanze na nusu saa kwa siku, mkanda ufuliwe jasho. Waya ukianza kutoa nyuzi, ubadilishwe. Baharini hauchukui, kwa ajili ya chumvi. Lakini nyavu anashona: kulabu inashika wavu, sindano iko mkono wa kushoto.

Karakana ya Chama cha Walemavu, APDK, iko Mombasa, zaidi ya kilomita 300 kwa barabara, na nauli mnaijua. Popote mtakapopewa mkono, msiondoke kabla mgonjwa hajauvaa na kuuvua mwenyewe, akafungua kulabu mbele ya kinywa na kiunoni, na jamaa mmoja akajua kukaza mkanda.

Tumeleta mkono mmoja hapa. Anayetaka kujaribu mkanda aje mbele, hata mwenye mikono miwili.