Juu ya nini tele haisemi mauaji ya kwetu?

(Mazungumzo mbele ya mkutano wa wanachama, Baraka)



Katika vijiji tunavyopita tunaulizwa swali moja: "Mtu akiuawa Bukavu, jioni tele inasema. Kwetu watu wananyang'anywa na kuuawa kwenye njia ya shamba, hakuna anayesema. Sisi si watu?" Swali hili linastahili jibu la wazi.

Kazi yetu inatukutanisha mara mingi na waandishi wa habari. Kabla ya kupitisha habari ya mauaji, wanauliza mambo manne.

Kwanza, nani anathibitisha? Wanataka watu zaidi ya mmoja, tena mmoja awe na cheo: shefu wa grupema, daktari, msemaji wa jeshi.

Pili, tutafika? Tele inataka picha, na picha inataka gari, mafuta na njia salama.

Tatu, wamekufa wangapi? Mmoja wa mjini anaweza kusemwa. Wa kijijini, mara mingi, mpaka wawe wengi.

Nne, nani analipa? Waandishi wengi mshahara wao ni mdogo, ao hawaupati. Aliyewaita anatoa pesa ya usafiri, wenyewe wanaiita "coupage". Kiongozi anayefungua semina anayo. Mjane wa kijijini atatoa nini?

Tukumbuke Fizi, tarehe 1 Januari 2011, askari walipobaka wanawake. Uhalifu wa namna ile ulikuwa umetokea mahali pengi bila kusemwa. Juu ya nini huu ulisikika mpaka Ulaya? Wanawake walienda kutunzwa, na Madaktari Wasio na Mipaka wakatoa hesabu ndani ya siku chache. Kukawa tarehe, mahali na jina la kamanda. Kisha mahakama ya kijeshi ikaja hapa hapa Baraka, na tarehe 21 Februari luteni kanali Kibibi akahukumiwa miaka 20. Waandishi walikuta kitu cha kuthibitisha. Lakini walioanza ni wale wanawake, kwa kusema mapema.

Hili linatugusa vipi? Ndugu zetu walio Nyarugusu wanasikiliza habari za kwetu kabla ya kuandikisha jina la kurudi. Tukinyamaza, wanaweza kufikiri ni amani. Na mashirika, letu likiwa ndani, yanapanga mahali pa kwenda kwa kufuata taarifa zinazoyafikia. Kisichosemwa hakihesabiwi.

Kwa hiyo tunaomba kila sehemu ya chama ichague watu wawili wa kuaminika, mmoja awe mama. Wawe na daftari: tarehe, saa, mahali, nini kimetokea, nani ameona kwa macho na nani amesikia tu. Daftari lisitembezwe, juu linaweza kuhatarisha walioona.

Wakifa wawili, andikeni wawili. Mkisema kumi na mwandishi akakuta wawili, siku nyingine hatashika simu yenu.

Kama mmeona watu wenye silaha, andikeni "watu wenye silaha". Msiandike kabila. Rwanda mwaka 1994 ilituonyesha redio inaweza kufanya nini ikitaja kabila kuwa adui.

Na aliyebakwa, kwanza hospitali, kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI. Hata saa hizo zikipita, aende tu. Jina lake na sura yake havipewi mwandishi yeyote bila yeye mwenyewe kukubali. Mume hawezi kukubali kwa niaba yake, wala prezida wa chama, wala sisi.

Mkutano ujao, kila sehemu ilete majina ya watu wake wawili. Tutakaa nao siku moja kuonyeshana namna ya kuandika na nani wa kupigia simu.