Kipande cha Karatasi Chenye Thamani



Juma hili nataka tuzungumze juu ya kipande cha karatasi. Ni karatasi ngumu inayoenea kiganjani, upande mmoja ina picha ya mchezaji, upande wa pili maelezo yake. Mwezi Agosti mwaka 2022, huko Marekani, kadi moja ya namna hiyo iliuzwa mnadani kwa dola milioni 12.6. Picha ni ya Mickey Mantle, mchezaji wa besiboli wa New York Yankees, na kadi yenyewe ilitolewa mwaka 1952.

Najua kuna atakayesema hao wana wazimu. Asiseme upesi.

Kadi hizi zilianza kama mbinu ya biashara. Mwishoni mwa karne ya 19, wenye viwanda vya sigara walizitia ndani ya pakiti ili isibonyee, na ili mnunuzi arudi kutafuta picha nyingine. Baba alivuta sigara, mtoto akachukua kadi. Kati ya mwaka 1909 na 1911 ilitoka kadi ya Honus Wagner wa Pittsburgh. Wagner akapinga picha yake kutumiwa. Wapo wanaosema hakutaka watoto wavutwe kwenye tumbaku, na wapo wanaosema alitaka alipwe. Vyovyote iwavyo, uchapaji ulisimama, na leo kadi hizo zinazojulikana hazizidi sana hamsini au sitini.

Hiyo ya Mantle ilitolewa na Topps, kampuni ya bigijii. Kadi za mwisho za mwaka 1952 zilichelewa kufika madukani, watoto wakawa wamekwisha kugeukia mchezo mwingine. Maboksi yakalala ghalani. Sy Berger, mmoja wa waliozibuni kadi hizo, alisimulia kwamba mwaka 1960 aliyapakia kwenye tishari la taka na kuyamwaga katika bahari ya Atlantiki. Zilizokuwa majumbani nazo, akina mama wengi walizitupa siku ya usafi. Ndiyo maana zilizobaki zina bei.

Habari za bei zilipoenea, watu wakakosea hesabu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, wazazi walinunua maboksi mazima, wakayaficha bila kuyafungua, wakitumaini kwamba yatasomesha watoto. Makampuni nayo yakachapa bila kikomo. Wahenga walisema akiba haiozi. Hii haikuoza karatasi, iliyooza ni bei. Nyingi ya kadi hizo leo hazinunui hata chakula cha mchana, maana kitu ambacho kila mtu amekiweka hakina wa kukitafuta.

Na penye fedha wajanja hawakosi. Mwaka 2013 Bill Mastro, aliyekuwa dalali mashuhuri wa kadi hizi, alikiri mahakamani kwamba aliikata kingo kadi ya Wagner iliyosifika kuliko zote, ili ionekane mpya.

Sasa nisikilizeni juu ya mtu mwingine. Jefferson Burdick alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha vifaa vya umeme mjini Syracuse, jimbo la New York. Hakuwa tajiri, na ugonjwa wa viungo ulimtesa. Alikusanya kadi na picha ndogo za kila aina zaidi ya laki tatu, zikiwamo za besiboli zaidi ya elfu thelathini. Aliziandikia orodha, na wakusanyaji wanaifuata hadi leo. Hakuziuza. Alizitoa bure kwa makumbusho ya Metropolitan mjini New York, kisha akawa anakwenda mwenyewe kuzibandika vitabuni kwa vidole vilivyopinda. Alimaliza mwanzoni mwa mwaka 1963, na mwaka huohuo akafariki. Makumbusho hayo huzionyesha kwa zamu, na umma unakwenda kuzitazama.

Nani basi aliweka akiba, Burdick au yule mwenye maboksi yaliyofungwa?

Wakusanyaji wa kweli wanalijua jibu. Wakikutana kuonyeshana kadi wanazozipenda, wengi hawatoi ile ya bei kubwa. Hutoa iliyokunjika pembe, ile iliyobanwa kwenye spoku za baiskeli ili ilie kama pikipiki, au ile aliyoiacha marehemu baba. Mwenyewe atakueleza ilipotoka, nawe utaitazama kwa jicho jingine.

Ndugu msikilizaji, huenda nawe una karatasi ya namna hiyo sandukuni: picha ya timu, tiketi ya mechi, ukurasa wa gazeti la zamani. Usingoje mnada. Jioni hii itoe, mwite mtoto, mwambie huyu ni nani na siku ile ilikuwaje. Akina mama wale hawakuwa wajinga. Walitupa kwa sababu hakuna aliyewaeleza.

Hadi juma lijalo, kwaherini.